Damu Iliyorudi kwa Ndege ya Jumatano

Sanduku la damu lilifika Mintjara, kijiji cha jangwani, kwa ndege ya Jumatano, pamoja na barua, betri na matairi mawili ya gari la zahanati. Rosina Nangala, muuguzi wa zahanati, alilitilia sahihi, akalipangusa vumbi jekundu, akaliweka kwenye jokofu la chanjo. Ndani mlikuwa na vichupa ishirini na vitatu. Wataalamu wa mjini walikuja kuichukua damu ile miaka arobaini iliyopita, wakaihifadhi kwenye friji la maabara moja huko kusini, na Rosina alikuwa ameandika barua kumi na moja kuomba irudishwe.

Alhamisi asubuhi wenye damu nao wakaja. Alipofungua mlango aliwakuta wamekaa barazani, watu ishirini na watatu, kofia magotini, wote marehemu. Wengine aliwakumbuka tangu utotoni. Hawakuwa na matata yoyote. Mmoja alikuja na mbwa wake.

Akaitwa Bibi Dulcie, mwenyekiti wa kamati ya kina mama walioanzisha utafiti wa ugonjwa wa figo kijijini. Akawatazama, akaguna.

"Kosa letu hili," alisema. "Kila aliyekufa tulimfukizia nyumba ili roho iende zake. Tukafukiza godoro lake, gari lake, mpaka kiti chake. Nani alikwenda kufukiza friji la mjini?"

"Tungejuaje, Bibi? Hakuna aliyetuambia wamo."

"Ndiyo hivyo. Kipande cha kila mmoja kimebaki kule miaka yote. Haya, leta majani."

Mzee mmoja mrefu, marehemu, akatikisa kichwa. "Moshi baadaye. Yule daktari aliyenidunga sindano alisema atarudi wiki ijayo na majibu. Nimekuja kuyachukua."

Kuwaita ndani kulikuwa na ugumu wake. Fomu zote zilianza na jina, na jina la aliyekufa halitamkwi Mintjara. Rosina akaona atumie jina la ukoo, lile ambalo mtu huzaliwa nalo na halina ubaya kulitaja.

"Nakamarra!" akaita.

Wanawake sita wakasimama.

"Jamani, si wote!"

"Sasa tukae au tusimame?" mmoja akamchokoza. "Kumbe chuo kote kile ulikuwa unacheza?"

Baraza zima likacheka. Ikabidi agawe namba.

Aliwauliza yaleyale aliyowauliza walio hai thelathini na wanane kabla yao: maji ulikunywa wapi, kabla ya kisima cha pampu kuchimbwa au baadaye, na miguu ilianza kuvimba lini. Maswali hayo yalitungwa na kina mama wenyewe, na majibu yalifungiwa kwenye kabati lao palepale. Walitaka vitu viwili tu kutoka serikalini, chujio kubwa la maji na mashine ya kusafisha damu. Bila mashine, figo zikichoka unahamia mjini, kilomita mia sita, ufungwe kwenye mashine ya hospitali mara tatu kwa wiki mpaka siku yako. Valda, dada mkubwa wa Rosina, alikuwa huko mwaka wa nne. Rosina alimpenda kuliko mtu yeyote, wala hakuficha kwamba ripoti ya utafiti ule aliiandika ili Valda arudi nyumbani.

"Hiyo mashine mmeipakia kwenye ngamia nini?" Valda aliuliza kwenye simu. "Mbona haifiki?"

"Inakuja, dada. Sasa tuna ushahidi."

"Ushahidi haunisafishi damu, mdogo wangu. Fanya haraka. Nimechoka kutazama ukuta."

Siku hiyohiyo, akivipanga vichupa, Rosina alikuta karatasi chini ya sanduku. Ilikuwa ya miaka arobaini iliyopita na ilikuwa na mistari miwili: figo za watu hawa zinaharibika, maji ya kisima chao yapimwe. Aliwasomea barazani. Mzee mrefu aliomba isomwe tena.

"Kumbe walijua," akasema, akavaa kofia yake. Hakuondoka, wala hakuna aliyetaja tena moshi.

Mwezi uliofuata akaja Bwana Hale wa serikalini. Alisalimia walio hai na wafu, akampapasa mbwa, akasoma ripoti yote, na ile karatasi pia.

"Kazi nzuri sana," alisema. "Kuhusu marehemu, ofisi haina pingamizi. Tatizo ni idadi. Sitini na mmoja ni wachache mno. Tunapendekeza miaka mitano mingine ya utafiti."

"Mnataka tufe wangapi ndiyo itoshe?" Bibi Dulcie akamuuliza.

Bwana Hale aliliandika swali hilo kwenye daftari lake na kuahidi kulifikisha.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu mchana, Rosina alitoka kula akamkuta dada yake amekaa benchini kati ya kina Nakamarra wawili. Hakuwa na begi. Miguu yake haikuwa imevimba. Hospitali ilikuwa bado haijapiga simu.

"Dada," Rosina akaita, maana jina lenyewe sasa halikuweza kutamkwa.

"Nimefika, mdogo wangu. Nimekaa mahali pa mtu?"

"Hapana. Kaa hapohapo."

Rosina alipiga magoti akalia, kichwa mapajani mwa dada yake, kwa muda mrefu, na foleni ikamsubiri. Kisha akajifuta uso, akaingia ofisini kurekebisha ripoti, kwa sababu kamati ilikuwa imekubaliana takwimu zisipitwe na wakati. Dada yake alikuwa mmoja wa wale thelathini na wanane. Akafuta, akaandika walio hai thelathini na saba, marehemu ishirini na wanne. Akajumlisha mara mbili. Walikuwa bado sitini na mmoja.