Mwani Hausubiri Lori

Miwa ya Verdiana ilikwisha kukatwa pale Kidodi, inapoteza utamu juani, na mwenyekiti wa wakulima anasema lori la kuipeleka kiwandani bovu, wasubiri. Mwaka jana walisubiri mpaka miwa ikawa kuni. Verdiana hajasahau.

Akachota maji ya kijani mtaroni kwa kikombe, akamfuata mwenyekiti mbele ya wakulima wenzake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Mwani, ule mdogo wa mtaroni. Unajipikia chakula kwa jua, na elektroni zake hubebwa na protini yenye shaba. Shaba ikikosekana hausubiri, protini yenye chuma inabeba mzigo uleule."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Trekta lako limelala uani. Au ni la udongo?"

Wakulima wakaangua kicheko. Jioni trekta lilipita likivuta tela lililoelemewa miwa, mwenyekiti kanuna usukanini, na kando yake kikombe cha mwani, asije akasahau.