Sufuria Kubwa la Kichanjani

Mbwa wa Demetria walikuwa watano, na kati yao aliyewahi kununuliwa alikuwa mmoja tu. Wengine walizaliwa hapohapo Goba, majike watupu, na watu wa mtaani wakitaka mbwa wa kulinda hutaka dume. Basi majike wakabaki. Mumewe, Projestus, karani mstaafu, alipendekeza wapelekwe mbali wakaachwe huko, akaambiwa atangulie yeye.

Kazi ilikuwa kuwalisha. Mwanzoni walikula wanavyokula mbwa wengi wa Goba, ukoko wa ugali na maji ya dagaa, wakabaki mbavu na manyoya ya viraka viraka. Bwana mifugo alisema wanataka nyama, akataja chakula cha mifuko kinachouzwa Tegeta. Demetria alikwenda, akasoma bei, akarudi mikono mitupu. Kwa bei ile hata Projestus asingelishwa.

Akabuni njia yake. Chenga za mchele alizipata mashineni kwa bei ya kutupa. Dagaa aliwachukua wale waliovunjika, wanaobaki chini ya gunia. Matembele yalijiotea kando ya karo lake mwenyewe. Nyama ilitoka kwa Munira, na Munira hakutaka hata senti.

Munira alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mtu wa Lindi, muuza kuku wa kukaanga. Kuku wake walichinjwa nyumbani, na vichwa, shingo na vyote visivyouzika vilikuwa vya mbwa wa Demetria. Kila asubuhi Demetria aliitega ndoo ya bluu kwenye pengo la ukuta, Munira akamimina kutoka juu bila kuigusa. Kwa Munira mbwa ni najisi, na hilo halikuwa na mjadala. Mbwa hawakuvuka ukuta, ndoo haikuguswa, na urafiki wao ulikwenda hivyo miaka mingi bila mtu kukwazika.

Chakula kilipikwa nyuma ya nyumba, juu ya mafiga, katika sufuria moja kubwa. Hakikutiwa chumvi wala kitunguu, maana bwana mifugo alisema kitunguu kinamharibu mbwa damu. Kilichemka mpaka mifupa ikapondeka kwa mwiko. Akishapakua kwenye mabeseni, Demetria aliliinamisha sufuria ili Chausiku, jike mkongwe aliyeishiwa meno, alambe rojo la chini. Kumwaga rojo lile asingeweza, roho ingemuuma. Kisha alilisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa, akalianika kichanjani. Sufuria zake za maharage hazikuwahi kuonja heshima hiyo.

Mama yake Munira alipofariki, hitma ya arobaini ikapangwa siku ya Jumapili. Kama ilivyo desturi ya mtaa, nyumba za jirani zilichangia vyombo. Demetria aliahidi sufuria lake la shughuli, lililokuwa stoo ndani ya gunia. Asubuhi hiyo alikwenda misa, akamwachia mumewe neno fupi: wakija, wape sufuria kubwa.

Aliyekuja na vijana wawili ni Mwishehe, kaka yake Munira, aliyekuwa msimamizi wa mapishi.

"Shikamoo mzee. Da' Munira katutuma sufuria."

"Marahaba. Lile pale kichanjani, chukueni."

Projestus hakuwahi kupika hata chai. Alijua kuna sufuria la mbwa, ila akilini mwake lilikuwa lile jeusi lenye masizi, ambalo kwa kweli ndilo alilopikiwa maharage yeye. Nani angelisugua la mbwa namna ile?

Demetria aliporudi alikuta kichanja kitupu.

"Umewapa lipi?"

"Linalong'aa."

Akakaa kwenye ngazi na viatu vyake vya kanisani. Harufu ya pilau ilikuwa imeshavuka ukuta. Akamweleza mumewe, na mzee akatafakari kikarani.

"Nyamaza tu," alisema. "Moto umeshaua kila kitu. Nani atajua?"

"Mie."

"Ukisema, ile ndoo ndo basi tena. Utawalisha nini?"

Kilichomuudhi ni kwamba mzee alikuwa sahihi. Bila Munira, mbwa wangerudi kwenye ukoko. Tena hofu yake haikuwa ya mbwa tu. Goba nzima hakuwa na mwingine wa kumwendea bila sababu, akakaa, akanyamaza, akarudi kwake amepumzika.

Akaenda. Munira alikuwa uani anakata kachumbari na wanawake wenzake, kanga mabegani. Demetria akamwita pembeni, nyuma ya tangi la maji.

"Munira, lile sufuria langu ni la mbwa. Mzee kakosea."

Munira alilitazama. Mwishehe alikuwa ndiyo kwanza amepanga makaa juu ya mfuniko.

"Wanakula humo?"

"Nawapikia tu. Wanakula kwenye mabeseni."

"Unapika vile vichwa ninavyokupaga mie."

"Vilevile, na chenga za mchele."

Mabega ya Munira yakashuka kidogo. "Basi si kitu. Ila halijalambwa?"

Demetria aliona kabisa mlango uliofunguliwa. Hapana moja tu, na pilau lingepakuliwa.

"Linalambwa," alisema. "Kila siku. Na jana pia."

"Umeliosha kidini, mara saba, moja kwa udongo?"

"Nimelisugua kwa mchanga. Mara moja."

Munira alimwita Mwishehe. Alimnong'oneza, naye akayashusha makaa kimyakimya. Yakabaki masufuria mengine mawili. Wageni walipakuliwa kidogo kidogo, wakaongezewa maandazi yaliyoagizwa upesi, wakaomba dua na kuondoka bila kujua. Demetria na mumewe wakalibeba sufuria lao likiwa limejaa pilau la nyama. Na mbwa hawakupewa, kwa sababu lilikuwa na vitunguu. Walizunguka mlango wa jiko wakilia. Projestus alilila siku mbili mfululizo, akasema halina kasoro.

Asubuhi ya Jumatatu Demetria alichemsha chenga na dagaa tu. Ndoo ya bluu aliiacha kando ya karo. Hakuwa na uso wa kuitega.

"Jirani," sauti ilitoka pengoni. "Ndoo iko wapi?"

Akaichukua, akaishika mwenyewe kwa mikono miwili. Munira akainua beseni lake, akaanza kumimina kutoka juu kama siku zote.

"Jana ungesema hapana, ningekula," alisema.

"Najua."

"Na ningewalisha watu wa mama." Vichwa viliendelea kuanguka ndooni. "Nilivyokuuliza vile, nilikuwa naomba moyoni useme hapana."

Macho yalimchoma Demetria. Akayaelekeza kwenye ndoo. Munira alilikung'uta beseni mpaka shingo ya mwisho ikaanguka.

"Hilo sufuria liandikeni," alisema. "Mzee si anajua kusoma."