Mawese Mabichi

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, tarehe 24 Machi 1993, seli namba nne, tangi la kutenganisha shaba kwa povu katika kiwanda cha kuchenjua shaba mjini Kolwezi, haikuwa na povu. Tope la kijivu lilizunguka ndani yake, na juu ya tope vilielea vidoa vyekundu vya mafuta.

Saa mbili Mukalay alifika stesheni kumtafuta Badibanga. Alimkuta yeye na mkewe Ndaya wameketi juu ya magodoro, katikati ya mamia ya familia zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa majumbani mwao na sasa zinangoja treni. Badibanga alikuwa amelitunza povu lile miaka ishirini na miwili. Mukalay, mzaliwa wa Katanga, alimsaidia miaka sita. Tangu Jumatatu, Badibanga alipofukuzwa kazi, Mukalay alikuwa amepewa nafasi yake.

"Tata Badibanga, povu imekufa. Chef Tharcisse ameandika mu daftari ya zamu ni weye uliharibu mafuta mbele ya kutoka kazini. Ameandika hujuma."

"Banatuita bilulu, badudu," Ndaya alisema. "Sasa mududu anaitwa akatengeneze?"

Badibanga alivaa viatu. Neno lile lingeingia kwenye cheti chake cha kazi, na hakuna mgodi wa Kasai ambao ungempokea nalo.

Kiwandani alitumbukiza kidole kwenye pipa la mafuta ya mawese yanayomwagwa kwenye seli. Kilitoka chekundu, kinateleza.

"Haya ni mabichi. Nani aliyapika?"

"Kuyapika?" Mukalay alimtazama. "Mi nilimwaga tu vile nilikuwa nakuona unamwaga."

Hapo Badibanga hakuweza kumlaumu. Mawese yalipikwa alfajiri, kabla zamu haijaingia, katika kibanda cha nyuma. Yakichemshwa na soda kali huwa kama sabuni, na shaba ya kijani hunata kwenye mapovu na kupanda nayo. Yakiwa mabichi huliua povu. Mpishi wa mafuta hayo alikuwa Tshilombo, ambaye naye alifukuzwa Jumatatu na sasa alikuwa amelala stesheni, magodoro matatu kutoka kwa Ndaya.

Tharcisse, mkuu wa zamu, alikuja na daftari kwapani. "Umeona shida?"

"Nimeona. Mulifukuza mupishi, halafu munauliza chakula kiko wapi."

"Basi tupatie kipimo cha soda."

"Futa lile neno kwanza."

"Nikilifuta niandike nini? Kwamba mafuta haikupikwa? Wakubwa watauliza nani alimufukuza mupishi. Ile liste ya batu ba kufukuzwa nilisaini mi mwenyewe."

"Basi andika vile."

Tharcisse hakulifungua daftari. Badibanga alinawa mikono bombani, kidole kimoja baada ya kingine. Mtu aliyesaini orodha angebaki na kalamu yake, na aliyefukuzwa angeondoka na kosa. Alitoka getini bila kuaga.

Saa tisa treni ya mizigo iliingia, na watu wakapanda na magodoro yao. Badibanga alikuwa tayari ndani ya behewa Mukalay alipokuja mbio kando ya reli, akampa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la Tharcisse. Neno "hujuma" lilikuwa limekatwa kwa mistari miwili, na chini yake pameandikwa: *Mafuta hayakupikwa. Sikujua. Mukalay.*

"Haina muhuri," alisema. "Ni saini yangu tu."

"Batakufukuza na weye," Badibanga alisema.

"Batanifukuza wapi? Mi ni wa hapa."

"Na sie tulikuwa tunasema vile," Ndaya alijibu.

Badibanga aliusoma ukurasa mara mbili, akaukunja na kuutia mfukoni mwa shati. Kisha aliinama mlangoni mwa behewa.

"Ndoo kumi za mawese, moja ya soda, maji mpaka nusu ya pipa. Koroga juu ya moto masaa mbili, mpaka wekundu uishe."

Mukalay alirudia. Alikosea kwenye soda, akasahihishwa, akarudia tena.

Treni iliondoka saa tisa na dakika arobaini. Seli namba nne ilikuwa bado haina povu.