Fahali Aliyempeleka Sebagabo Mtoni

Sebagabo, mfugaji wa kijiji cha Burungu, alikuwa na jibu lake kila mkewe Verdiane alipomwomba abatizwe.

"Mama, Mungu njo anachagua, ni yeye tu. Siku atanitaka, atanileta yeye mwenyewe. Mimi nitafanya nini?" Kisha alichukua fimbo, akaenda malishoni.

Jumapili moja ya mwaka 1953 kanisa lote liliteremka mtoni kubatiza. Juu ya kilima, Sebagabo alikuwa akimvuta kwa kamba fahali mpya, mkali, aliyemnunua sokoni Kitchanga. Waimbaji walipopaza sauti, fahali akashtuka. Akateremka mbio! Sebagabo alikuwa ameizungusha kamba mkononi, ikakataa kufunguka. Akaburutwa ndani ya migomba, akapita shamba la maharage, waimbaji wakatawanyika wakipiga mayowe, na chubwi! Fahali na mwenye fahali wakatua majini, mbele ya Papa Hakorimana, yaani Baba Hakorimana, mwalimu wa kanisa, aliyekuwa amesimama maji yakimfika kiunoni.

"Mungu amemuleta!" mtu alipiga kelele. Vigelegele vikapigwa. "Mubatize, Papa! Mubatize sasa hivi!"

Sebagabo akatema maji. "Ni kweli, amenileta. Batiza basi."

"Hapana," Hakorimana akasema. "Fahali njo amekuleta. Mungu iko anaita muntu, na muntu anaitika. Wewe unataka Yesu?"

Watu walicheka. Sebagabo hakucheka. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Toka," Hakorimana akamwambia kwa upole. "Kama unataka kurudi nyumbani, rudi. Hakuna atakayekufuata."

Sebagabo akatoka, akamfunga fahali kwenye mti. Njia ya nyumbani ilikuwa wazi mbele yake. Verdiane alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa. Mara Sebagabo akageuka, akakimbia, akajitupa majini.

"Ninataka! Papa, ninataka!"

Hakorimana akamzamisha. Alipoibuka alikuwa akipiga kelele, "Nimekuja mimi mwenyewe! Mumeona? Na miguu yangu!"

Verdiane alishaingia mtoni na nguo zake, akamkumbatia. "Na ile hamu ya kuja, uliitoa wapi?"

Sebagabo akajifuta maji usoni.

"Sijue," akasema, machozi yakimtoka huku akicheka. "Asubuhi nilikuwa sina!"

Akaanza kurukaruka mle mle majini, kwa furaha, mpaka Hakorimana akamsihi atoke, maana wengine walikuwa bado wanangoja zamu yao.