Pampu ya Nne

Muuza vipuri aliunganisha nyaya mbili kwenye betri iliyokuwa juu ya kaunta, akazigusisha kwenye ile pampu ya petroli niliyomrudishia nikiwa nimefura kwa hasira. Kisha akanitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu nianze ufundi. "Mbona nzima hii, mzee?" Nilicheka. Nikamwambia asinifanye mtoto mdogo, pampu isiyolia imekufa. Hakubishana nami. Alinishika mkono, akaniwekea pampu kiganjani, nayo ikatetemeka kama kifaranga aliyeshikwa ghafla. Ilitetemeka, na mimi sikusikia kitu.

Nilisingizia kelele za barabarani. Nikaizungushia gazeti na kuondoka bila kuaga.

Watu wananiita Sikio. Jina hilo sikujibatiza, nililitolea jasho. Wenzangu hufungua injini ndipo waseme. Mimi niliinama, nikafumba macho, nikasema, na wao wakafungua ili kuhakikisha tu. Madereva walizima redio na kuwanyamazisha abiria ili nisikilize. Nilikuwa na maringo, sitaficha. Siku shemeji alipomwoa mdogo wangu, nilimwambia mkanda wa gari alilokodi ungekatika kabla ya kufika ukumbini, na ulikatika kweli. Mpaka leo anadai nilimroga.

Pikapu iliyokuwa imenitoa kijasho ni ya huyo mdogo wangu. Ni chakavu, ina umri mkubwa kuliko ndoa yake. Kila alfajiri alikusanya maziwa kwa wafugaji na kuyafikisha shule ya bweni kabla wanafunzi hawajapanga foleni ya uji. Ilipozimika mara ya kwanza nilimfuata palepale barabarani. Nikawasha ufunguo hatua moja, nikatega sikio kwenye mdomo wa tangi. Kimya. Nikapima waya: umeme unafika. Umeme unafika na pampu hailii, kuna nini tena cha kutafuta? Nilishusha tangi, nikafunga pampu mpya, na gari likawaka papo hapo. Mdogo wangu alinipigia makofi kama mtoto.

Baada ya wiki tano likazimika tena. Nikatega sikio: kimya. Nililaumu vipuri vya siku hizi, nikafunga pampu nyingine. Mara ya tatu nililaumu petroli, nikampiga marufuku asikanyage tena kituo alichozoea, nikabadilisha nyaya zote kuanzia kwenye betri hadi kwenye tangi, na nikafunga pampu mpya ya tatu. Siku hiyo maziwa yaliganda juani. Aliyamwaga mtaroni mwenyewe, dumu baada ya dumu, na hakukubali nimsaidie hata kunyanyua.

Mara ya nne ilikuwa Jumatatu hii. Mpishi mkuu wa shule alimwambia, kwa upole sana, kwamba asihangaike kuja tena, wamepata mtu mwingine. Ndiyo maana nilimvamia muuza vipuri nikitaka kumtoa roho.

Nilirudi gereji, nikafunga mlango kwa komeo. Pampu tatu za zamani zilikuwa bado rafuni, ile iliyokuja na gari na mbili za dukani, nilizitunza ziwe ushahidi siku ya kumuumbua aliyeniuzia. Niliichukua moja, nikaiunganisha na betri. Ikatetemeka. Nikaisogeza sikioni mpaka chuma kikagusa ngozi. Nikachukua ya pili, kisha ya tatu, kisha nikairudia ya nne kwa kuwa sikutaka kumaliza. Zote zilikuwa nzima.

Hapo ndipo nilipoangalia kitu ambacho fundi yeyote angekiangalia mapema, kile chujio kidogo kinachokaa mguuni pa pampu. Kilikuwa kimeziba kwa kutu nyekundu, laini kama vumbi la matofali. Tangi lilikuwa linaoza kwa ndani. Kila pampu mpya ilikuja na chujio chake safi, gari likaenda, kutu ikajaa, gari likazimika, nami nikaitoa pampu nzima pamoja na chujio chake na kujisifu. Mtu mwenye masikio angeisikia pampu ikilia, akajua kosa liko kwingine, na angeliona kabla chai yake haijapoa.

Niliketi juu ya tairi nikalia. Sikulilia maziwa, ingawa ningependa kusema hivyo. Nilijililia mimi. Mikono ninayo na macho ninayo, lakini mafundi wenye mikono na macho wamejaa mtaa mzima, na hakuna hata mmoja wao ambaye madereva humzimia redio.

Mdogo wangu alikuja mchana. Aligonga sana, nadhani, kwa sababu nilipoona mlango unatikisika na kufungua alikuwa ameshaanza kukasirika. Nilimkalisha kwenye kiti cha pikapu kilichokuwa sakafuni, nikamweleza yote bila kuruka kitu: pampu, kutu, kaunta ya yule bwana. Nilitegemea atanitukana. Nilitaka anitukane.

Alizungusha pete kidoleni.

"Nilikuwa naisikia, kaka," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Pampu. Kila ulipowasha ufunguo nilikuwa naisikia huko nyuma, kama nyuki ndani ya kopo. Halafu wewe unasema imekufa."

"Mara zote?"

"Mara zote nne."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Alinishangaa. "Nikuambie nini, kaka? Wewe ndiye Sikio. Nilijua ndivyo inavyolia ikifa."

Alikuwa na dawa ya shida yake kichwani mwake siku zote zile, akaiweka kando kwa heshima yangu. Nilimwambia tangi nitalitoa kesho, nitalisafisha au nitamtafutia jingine, na gari halitazimika tena. Aliuliza litabeba nini. Nikakusanya spana ambazo hazikuwa zimetawanyika.

"Imeanza lini?" aliuliza.

Nilimwambia sijui, na ni kweli sijui. Sauti haziagi zikiondoka. Huenda zilianza na zile nyembamba, mlio wa beringi, filimbi ya mkanda, nami nikadhani magari yametulia. Wateja walipopungua nikadhani wamenunua magari mapya.

"Na mimi je, unanisikia?"

"Wewe nakusikia vizuri tu."

Alinitazama. Nikagundua anatazama macho yangu, na macho yangu yalikuwa mdomoni mwake. Nikayaondoa haraka, nikachelewa. Aliinuka, akajipangusa vumbi la gauni, akaenda hadi kwenye pikapu iliyosimama juu ya jeki, akanipa mgongo na kuweka mkono juu ya bodi.

Niliona mabega yake yakipanda na kushuka mara moja, kama ya mtu aliyesema jambo fupi. Kisha akabaki vilevile, hajageuka, akingoja nimjibu.