Oili ya Baba

"Ukifungua hiyo nati, usiniite baba tena."

Binti alikuwa keshalala chali chini ya gari, spana mkononi. Alimpenda baba yake, tena sana, lakini teksi hii ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa njiani. Mzee ndiye aliyemwita. Alikuwa fundi tangu enzi za kuwasha gari kwa hendeli, na hukumu alishaitoa: gari linaloishiwa nguvu mlimani limezeeka, liuzwe kwa kilo.

"Injini haijazeeka," binti alisema kutoka chini. "Imezibwa."

"Imezibwa na nani?"

Binti akaitia spana kwenye nati ya oili. Oili ile nzito, nzito kama asali, aliimimina mzee mwenyewe, kwa mapenzi, maana injini za ujana wake zilipona hivyo.

Lakini hii si ya enzi zile. Valvu zake, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, hazifunguki kwa wakati uleule siku zote. Gari likipanda mlima, kompyuta yake huamuru, oili ikapenya kwenye chujio dogo na kuusukuma mhimili wa valvu ugeuke kidogo, ili vilango vya hewa viwahi kufunguka. Oili ndiyo inayofanya kazi hiyo. Isipopenya, mhimili haugeuki, na gari linabaki kuhema.

Akafungua nati. Oili ya mzee ikashuka kwenye karai mbele ya macho yake, taratibu, bila haya. Mzee akageukia ukuta. Binti akachomoa chujio, akalikuta limejaa tope jeusi. Akalisafisha, akamimina oili nyepesi huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Mnunuzi akafika na mizani yake begani.

"Weka hiyo chini, uingie," binti alimwambia. "Na wewe baba, ingia."

"Mimi si baba yako."

"Basi ingia kama abiria."

Akaingia, kanuna. Kwenye ule mlima uliowashinda wiki nzima, binti alikanyaga mafuta. Gari likachomoka. Mnunuzi akakumbatia kiti cha mbele, na huko nyuma mzee akapiga kelele:

"Punguza mwendo, mwanangu!"

Neno la mwisho alilisikia vizuri sana. Hakupunguza.