Siku Picha za Mulima Zilipokataa Kwenda

Katika avenue yetu nzima hakuna mutu anayeijua intaneti kunishinda mimi. Niliikodolea macho mchana mzima, kule Muhumba, kwenye bureau, kazini kwa Laurette, na naweza kuwaambia ni kitu gani: ni kamustari ka bluu kasikotaka kutembea. Zaidi ya hapo sijui kitu.

Siku ile sikucheka, na mimi nacheka hata kwenye kilio.

Jikoni yangu ilikuwa imeshakwenda. Mvula iliichukua asubuhi moja pamoja na maharagi yaliyokuwa motoni; niliyasikia yakishuka bondeni, hata chumvi sijatia. Kati ya ufa ulioachwa na mvula na kitanda cha mujukuu wangu Chancelle palibaki nafasi ya mukeka mumoja. Laurette, mama yake, muke wa mwana wangu Chrispin, akaomba kazini kwake kandege kasiko na rubani, kakapiga picha mulima wetu wote. Picha zilipashwa kufika Kinshasa, kwa ingénieur Dany, kabla hajafunga kazi jioni. Ukuta wa kuzuia udongo, ambao yeye angegawa, ulikuwa mumoja tu, kwa mulima ambao picha zake zitatangulia kufika zote.

Na zilikuwa nzito. Laurette ndiye anayegawa connexion ya intaneti pale. Alinieleza polepole, kama mutu anayelisha mutoto: wote wanakula bugali kwenye sahani moja, lakini kitu kizito kinataka sahani peke yake. Kawaida anavituma saa ya pause, watu wakiwa nje. Siku ile hakukuwa na nafasi ya kungoja. Akapita meza kwa meza, akiomba kila mutu akate yake. Wakakata. Maman Eulalie alimwacha dada yake wa Ubelgiji kwenye video katikati ya habari za mume, na hiyo ni sadaka kubwa.

Papa Léopold, comptable, mwenye kuhesabu feza za bureau, alishusha kifuniko cha mashini yake ya kompyuta mbele yetu, akabakiza upenyo wa kidole.

"Maman, mimi yangu nilishaikata tangu asubuhi. Kwa jambo hili tuko pamoja."

Akaniletea kiti chake, kile chenye muto. Nikamwombea baraka, yeye na nyumba yake, na mimi nikiombea mutu simpimii.

Kamustari kakasogea, kakasimama. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka ziwa halionekani. Chancelle alikuwa ameshatoka shule, yuko nyumbani. Laurette akazima hata simu yake ndogo, halafu akaniuliza kama yangu nimeifunga. Nikamwonyesha: ile ya vibonyezo, iliyofungwa na mupira. Nikasema labda tochi yake ndiyo inakula connexion.

Matone ya kwanza yakagonga mabati. Laurette akachukua simu ya bureau, akampigia ingénieur, akaiacha juu ya meza ikisema kwa sauti ili nami nisikie. Akamwomba atungojee kidogo, connexion yetu imekufa.

"Imekufa namna gani?" Ilikuwa sauti ya kijana, ya mutu ambaye ameshavaa koti. "Mimi kutoka kwenu napokea vizuri. Tangu mchana napokea."

"Unapokea picha zetu?"

"Za mulima wa Papa Léopold. Nyumba ya ghorofa, yenye mageti meusi. Zenu sijaona hata moja."

Nilipomutazama, Papa Léopold alikuwa ameweka kiganja juu ya kile kifuniko, taratibu, kama mutu anayenyamazisha mutoto kanisani.

"Allô?" akasema Dany. "Mumwambie asifunge mashini kwanza. Ya mwisho bado inaingia."